Elfu Mbili Mia Tano na Ishirini

Namba hii niliipata mimi, Concilie, mzaliwa wa Rumonge nchini Burundi, mkimbizi wa kijiji cha Misiera katika makazi ya Nakivale. Naliandika hilo hapa juu kabisa, msomaji asije akafika katikati akadhani ni ya mdogo wangu Alida. Mjini Mbarara wanasema ni ya Alida. Hata hapa Misiera wapo wanaosema hivyo, na baadhi yao niliwafundisha mimi kushika sindano.

Sikusoma. Mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka kumi na miwili, na Alida alikuwa hajaanza kutembea. Ilibidi mtu abaki nyumbani naye, na mtu huyo nikawa mimi. Nilimbeba mgongoni huku bibi yetu akinifundisha kusuka, na mara nyingi mate ya Alida yalinitiririka shingoni wakati nahesabu mishono. Alipofika umri wa shule alienda shule, nami nilifurahi kwa moyo wangu wote. Alisoma Kifaransa, na tulipokimbilia Uganda akajifunza Kiingereza upesi, akapata chumba Nyamityobora, pale Mbarara, akawa anauza nguo. Mimi nilibaki Nakivale nikisuka. Kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye darasa la akina mama pale Base Camp. Nilijiandikisha baada ya mambo haya kutokea, na kwa sababu yake.

Kazi yetu ni hii. Tunakusanya majani makavu tunayafanya kamba, unene wake kama kidole. Kamba hiyo tunaizungushia uzi wa katani uliotiwa rangi, mshono baada ya mshono, mpaka majani hayaonekani tena. Kamba kadhaa zikishonwa ubavu kwa ubavu, unapata ukanda. Kila mwanamke ana nakshi yake aliyotoka nayo kwao. Prudence, jirani yangu, Mkongomani wa Uvira, nakshi yake ina mishono saba: mitatu myeusi, mmoja mwekundu, mitatu myeupe, kisha inaanza upya. Yangu ina tisa. Mukarukundo ana ya mishono miwili tu, mweusi na mweupe, na tunamcheka kwamba ni nakshi ya mvivu. Tulikuwa wanawake tisa, na kwa bahati nakshi zetu zilipangana kama ngazi: ya miwili, ya mitatu, ya minne, mpaka ya kumi.

Alida ndiye aliyetuletea Medius. Medius ni mke wa sajenti mmoja aitwaye Mugisha, katika kambi ya jeshi pale Mbarara. Ni mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na ndiye mkubwa wa chama cha wake wa askari. Chama chao kilikuwa kimejenga nyumba ya mviringo ya mikutano. Medius alitaka ukanda wa kamba tisa uzunguke ukuta wote kwa ndani, juu ya mlango na madirisha.

"Mimi nataka hii kitu itoke hapa, izunguke, irudi hapa," alituambia, akizunguka mwenyewe katikati ya nyumba kama anacheza ngoma. "Mutu akiingia, hapana jua imeanzia wapi. Munasikia, banyabo?"

Banyabo kwao ni akina mama, na tulisikia. Tukapima ukuta kwa uzi, tukarudi Misiera, tukasuka mpaka kila kamba ikafika mwisho wa uzi. Tulipoupeleka ukanda na kukutanisha ncha zake, nakshi zilikatika ovyo. Ya Prudence iliishia kwenye myeusi mitatu, halafu papo hapo ikaanza tena na myeusi mitatu. Yangu ilikuwa imekatwa katikati ya ua.

"Banange!" Medius alipiga makofi. "Hii nyoka nani amemukata kichwa?"

Wake wa askari wakacheka mpaka wakashikana mabega. Prudence akaninong'oneza, "Banatucheka. Twende yetu." Lakini Medius hakuwa mtu wa kinyongo. Alifuta machozi ya kicheko, akasema maneno yaliyoniingia mpaka kwenye mifupa.

"Sikieni. Mwanamuke atakayeleta hesabu ya hii kitu, huyo atakuja kufundisha banamuke yangu hapa. Kile chumba cha nyuma kitakuwa chake."

Nilikiona kile chumba. Kina ukuta wa matofali na dirisha la kioo. Nami nilikuwa na sababu kubwa kuliko matofali: jicho langu la kulia lilikuwa limeanza kuweka ukungu, na daktari wa macho wa Ruharo, pale pale Mbarara, alinitaka nirudi kila mwezi. Kutoka Misiera mpaka Mbarara na kurudi ni siku nzima, na miezi mingine sikupata gari, mingine sikupata nafasi. Kutoka chumba kile, Ruharo ningekwenda kwa miguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Msusi akipoteza macho, anabaki na nini? Nilikitaka chumba kile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Basi nikakaa chini na maharage.

Nilimwaga ndoo ndogo ya maharage juu ya mkeka nikaanza kuyapanga mistari, kila harage mshono mmoja, nikitafuta idadi moja ambayo nakshi zote tisa zingefika mwisho wake bila kukatika. Mwanzoni nilifanya kijinga, nikijaribu namba moja moja karibu na elfu mbili na mia tano, kwa sababu ukuta ulitaka mishono kama hiyo. Unene wa mshono unaweza kuubana au kuulegeza kidogo. Idadi yake haibaniki. Siku mbili zikapita. Prudence alikuwa akipita mlangoni kwangu akisimama mikono kiunoni.

"Mama Concilie, hii maharage utayapika siku gani? Unayapangisha mistari kama askari!"

"Wewe na saba yako mnanitesa. Punguza mshono mmoja iwe sita."

"Ile saba ni ya nyanya yangu. Ukiikata, atanitokea."

Siku ya tatu niliacha kujaribu ovyo, nikaziangalia nakshi zenyewe. Hapo ndipo nilipoona kwamba si zote zinazohitaji kutafutiwa. Nakshi ya mishono minane ikifika mwisho salama, ya nne na ya mbili nazo zimefika, kwa sababu zimo ndani yake. Ya tisa ikifika, ya tatu imefika. Ya sita ni mbili na tatu zimeshikana, na zote mbili zimeshabebwa. Kwa hiyo nane na tisa peke yao walikuwa wanabeba wanawake sita. Nikatafuta rundo la kwanza linalokubali kupangwa nane nane na pia tisa tisa bila kubakiza. Lilikuwa la sabini na mbili.

Rundo la sabini na mbili halikukubali tano tano. Nikaweka marundo matano kama hilo, ikawa mia tatu na sitini, na tano ikatulia. Na kumi ikaja yenyewe, kwa kuwa kumi ni tano na mbili. Wanawake wanane walikuwa wamepata. Alibaki Prudence.

Nilipanga mia tatu na sitini saba saba, yakabaki maharage matatu. Nikaongeza mia tatu na sitini nyingine, yakabaki sita. Nikaongeza tena, mawili. Tena, matano. Tena, moja. Tena, manne. Niliyaangalia yale mabaki: matatu, sita, mawili, matano, moja, manne. Kila baki linalowezekana lilikuwa limekuja mara moja, na hakuna lililorudi. Niliona kwamba halikuwa limebaki lingine la kuja isipokuwa kutobaki kitu. Nikaweka fungu la saba. Nikapanga taratibu. Mstari wa mwisho ulijaa.

Elfu mbili mia tano na ishirini. Na ukuta wa Medius ulitaka mishono kama elfu mbili na mia tano! Nikarudia kuhakikisha kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, mpaka kumi. Hakuna mstari uliopungua. Na nilijua pia, bila mtu kuniambia, kwamba hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayoweza kufanya hivyo, kwa sababu nilikuwa nimepita njia yenyewe na sikuruka hatua.

Prudence nilipomwita alipiga magoti kando ya mkeka. Yeye alisoma kidogo. Akahesabu kwa vidole, akatoa macho: "Mwezi wa siku makumi tatu, mara miezi kumi na mbili, mara saba. Mama Concilie, hii ni miaka saba mizima imelala hapa kwa mukeka!" Akafanya ishara ya msalaba. Tulicheka. Maharage tuliyapika siku hiyo hiyo, nikawaita wenzangu wote.

Kosa langu nililifanya kesho yake asubuhi. Nilimpigia simu Alida ili amwambie Medius.

Lazima nieleze jambo moja. Kwa wasusi wa upande wa bibi yetu, mshono wa kwanza kabisa unaitwa mama. Unafungwa, unakazwa, lakini hauhesabiwi. Moja inaanzia kwenye mshono wa pili. Bibi alikuwa anasema mama hahesabiwi pamoja na watoto wake. Msusi yeyote wa kwetu ukimtajia idadi ya mishono, anajua mama yuko juu ya hiyo; Alida alikuwa shuleni, hakulijua. Kwenye maharage nilihesabu yote, kwa sababu maharage ni chakula tu. Lakini nikitamka habari ya mishono, mdomo wangu unamwacha mama bila mimi kufikiri.

"Yaya, umepata?" Alida aliuliza. Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, na hivyo ndivyo alivyoniita tangu alipoanza kusema.

"Nimepata! Zote zinafunga, hata ya Prudence."

"Mishono mingapi?"

"Elfu mbili mia tano na kumi na tisa."

"Ngoja niandike." Nikasikia kalamu. "Una uhakika?"

"Nimezipanga zote, mpaka magoti yananiuma."

"Yaya, wewe ni kichwa. Ungesoma, tungekuogopa." Akacheka, na mimi nikacheka. "Usiwaambie wengine kwanza. Niache mimi niongee na Medius. Ule ukanda wa kwanza uko kwangu, nitamwonyesha nakshi."

Nikangoja. Wiki ikaisha. Nilipompigia alisema Medius amesafiri. Wiki ya pili akasema mume wa Medius ni mgonjwa. Wiki ya tatu hakupokea. Nilikuwa nimeshaanza kufunga vyombo vyangu. Sufuria mbili nilizigawa, kwa sababu niliambiwa chumba kina jiko.

Habari aliileta Prudence. Alikuwa amepeleka vikapu Mbarara, akarudi bila kupitia kwake, akaja moja kwa moja kwangu na mzigo kichwani.

"Kaa," akaniambia.

"Nimekaa tayari."

"Basi kaa vizuri. Nimeona nakshi yangu. Nyeusi tatu, nyekundu moja, nyeupe tatu. Iko kwa mikono ya bibi ya askari, kijana, anaitwa Shanitah. Banasuka banawake tisa, mule mule mwa nyumba ya mviringo. Na anayebasimamia ni Alida. Ameshika karatasi."

"Labda anawaandaa ili nikifika..."

"Mama Concilie! Nilimuuliza yule Shanitah, hii hesabu ni ya nani? Akasema ni ya Madamu Alida, ameipata kwa kitabu."

Sikulia. Nilimuuliza Prudence kama walikuwa karibu kumaliza. Akasema kesho kutwa wanaunganisha, na wageni wakubwa wa kambi ya jeshi watakuja siku hiyo hiyo mchana. Nikapanda gari alfajiri ya siku hiyo.

Nilipoingia ile nyumba hakuna aliyenitazama. Wanawake tisa walikuwa juu ya mabenchi, wameinua ncha za ukanda ukutani, na wote walikuwa wanasema kwa pamoja. Alida alisimama chini na karatasi, uso umemkauka.

"Madamu, yangu inakosa moja," alisema Shanitah, msichana mwembamba mwenye mtoto mgongoni.

"Hata yangu. Moja."

"Na mimi moja!"

"Si muhesabu vizuri?" Alida alifoka. "Nani ameruka mshono?"

"Sisi wote tumeruka, Madamu? Wote tisa? Moja moja?"

Mimi nilielewa kabla sijafika katikati ya nyumba. Walikuwa wamesuka elfu mbili mia tano na kumi na tisa kamili, mshono wa kwanza ukiwa ndani ya hesabu. Ndiyo maana ya mbili ilikosa mmoja, ya tatu ikakosa mmoja, ya saba ikakosa mmoja, ya kumi ikakosa mmoja. Kama ingekuwa namba nyingine yoyote mbaya, kila mwanamke angekosa kwake kwa namna yake. Hii ilikuwa imewakosesha wote sawasawa, kama wanafunzi walionakili kwa mtu mmoja. Nilikaribia kucheka.

Alida aliponiona, karatasi ilimwanguka. Akaniwahi, akanishika mkono, akanitoa nje nyuma ya nyumba, mbele ya kile chumba chenyewe. Mlango ulikuwa wazi. Kitanda chake kilikuwa kimeshaingizwa, na juu yake kitenge nilichompa mimi.

"Yaya, tafadhali. Wageni wanakuja saa nane. Namba ina kasoro gani?"

"Namba haina kasoro. Kwa nini umesema ni yako?"

"Sikusema hivyo. Wao walidhani. Medius aliona nimeandika, akadhani... Nikaona nikianza kueleza atavurugikiwa."

"Na kitanda? Kilidhani nacho?"

Akainamisha kichwa. Ana tabia hiyo tangu utotoni. Akiinamisha kichwa namwona yule wa mgongoni kwangu, na yeye anajua.

"Nisaidie leo tu, yaya. Nitasema mbele yao wote. Wageni wakikaa, nitasimama niseme ni wewe. Naapa kwa kaburi la mama."

Aliapa kwa mama. Mama ambaye hamkumbuki hata sura.

Nikarudi ndani, nikapanda benchi. Sikueleza kitu. Kwenye kila kamba niliongeza mshono mmoja, kwa rangi ambayo nakshi hiyo ilikuwa inaidai: mweupe kwa ya mbili, mweupe kwa ya saba, mwekundu kwa yangu ya tisa, na kuendelea. Mishono tisa kwa jumla, mstari mmoja wa juu kwenda chini. Kisha nikazivuta ncha, nikazishona. Nakshi zote zikapita pale kama maji yanavyopita. Shanitah aliweka kidole ukutani, akatembea nao akitafuta pahali pa kuunga, akazunguka nyumba nzima, akarudi alipoanzia.

"Hapana ona!" akapiga kelele. Wote wakapiga vigelegele. Jicho langu zima lilikuwa linatoa machozi pamoja na lile bovu, na sikujali.

Saa nane wageni wakaja, maofisa na wake zao, wakakaa kwenye viti vya plastiki. Medius alikuwa amevaa gauni lenye mabega yaliyosimama. Alida akaitwa mbele. Aliongea Kiingereza. Mimi Kiingereza sijui, lakini nilimfuata kwa macho. Alionyesha ukuta, alionyesha karatasi, watu wakaguna kwa mshangao. Kisha akanyoosha mkono akanionyesha mimi, na watu wote wakageuka wakapiga makofi. Nikasimama. Niliweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa kwa heshima. Ndani yangu nilisema, kumbe damu ni damu. Nilimsamehe pale pale, kitanda na kila kitu.

Nilipokaa nikamuuliza Shanitah aliyekuwa kando yangu, "Amesema nini?"

"Amesema wewe ni dada yake mukubwa, umetoka Nakivale, umesaidia kushona mwisho."

"Na namba?"

"Namba? Alipiga hesabu mwezi muzima. Amesema kwa Kiingereza jina la hiyo hesabu, lakini mimi sikushika."

Wageni waliposimama kwenda kula, nilimfuata Medius mlangoni. Nilimwambia kwa Kiswahili changu chote, polepole: namba ni yangu, niliipata kwa maharage, nane na tisa zinabeba sita, tano inaleta kumi, saba peke yake ndiyo... Medius alikuwa ananisikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwenye sufuria za wageni.

"Nyabo, wewe ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"Sikusoma."

"Eh." Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma kuliko kama angenitukana. "Sasa hii namba kubwa hivi... Alida! Kuja. Huyu dada yako anasema ni yeye amepata hesabu. Ni kweli?"

Alida alikuja na sahani mkononi. Tulitazamana. Lilikuwa neno moja tu. Sikumtaka aeleze wala atubu, nilitaka aseme ndiyo, basi.

"Yaya alinisaidia kuhesabu maharage," akasema. "Amechoka na safari, Mama Medius. Macho yake pia yanamsumbua."

"Bambi," akasema Medius kwa kunihurumia. "Musigombane siku ya furaha. Mupatie soda baridi."

Alida mwenyewe ndiye aliyeniletea. Niliiacha juu ya benchi bila kuifungua, nikatoka, nikaenda kutafuta gari la Nakivale.

Hapa Misiera wengine waliniambia nimsamehe kwa sababu ni mtoto wangu kama mtoto wa kumzaa. Gasore, katekista wetu, alikuja mara mbili kwa jambo hilo. Nilimuuliza: hivi angekuwa ameniibia mbuzi, ungekuja kuniambia nisimtaje mbuzi? Akasema namba si mbuzi, namba haimaliziki, hata mimi bado ninayo. Ni mtu mwema, lakini hakuelewa. Ninayo, ndiyo. Na chumba anacho yeye, na wanawake wa kufundisha anao yeye, na Ruharo naenda bado kwa gari, miezi ninayoweza. Jicho la kulia sasa linaona mwanga na vivuli.

Nilijiandikisha darasa la Base Camp. Namba ya kwanza niliyomwomba mwalimu anionyeshe jinsi ya kuandika ni hiyo. Nilishangaa ni fupi namna gani kwenye karatasi, alama nne tu.

Miezi minane ilipita bila simu. Kisha mwezi uliopita, mchana, nikiwa nimekaa nje na Prudence tunachambua katani, jina la Alida likatokea.

"Yaya, habari za siku nyingi?"

"Nzuri."

"Macho?"

"Yapo."

Akaingia kwenye lililomleta. Kuna chama kingine mjini kimejenga nyumba ya mviringo, ukubwa ule ule. Wanataka ukanda kama wa Medius, ila wao wako wanawake kumi, na wa kumi ana nakshi ya mishono kumi na moja.

"Nimejaribu na namba ya zamani, yaya. Kumi na moja inabakiza moja. Nikaongeza mshono mmoja kama ulivyofanya wewe siku ile."

"Ikawaje?"

"Zote zikaharibika! Hata zile zilizokuwa zimefunga."

Alidhani ule mshono ni dawa, unaweka popote kazi inapouma. Mimi jambo la kumi na moja nilikuwa nimeshalimaliza zamani, kwa ajili yangu tu. Kumi na moja haimo ndani ya yoyote kati ya zile nyingine, wala haigawanyiki vipande. Inataka fungu zima lirudiwe mara kumi na moja.

"Elfu ishirini na saba, mia saba na ishirini," nikamwambia. "Hesabu kila mshono, hata wa kwanza."

Nikasikia kalamu. Halafu kalamu ikasimama.

"Yaya... hiyo ni nyumba kumi na moja."

"Ndiyo."

"Hakuna ndogo yake?"

"Hakuna."

"Nimeshawaahidi. Nimeshawaambia nitaileta Jumatatu." Sauti yake ilikuwa imekuwa ya mtoto. "Yaya, angalia tena. Labda kuna namba nyingine."

"Nimeangalia. Namba nyingine haipo."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Sikumdanganya hata herufi moja. Akakata simu.

Niliiweka simu chini, nikaokota uzi wangu. Prudence hakuendelea kuchambua. Alikuwa amesikia yote, na yeye ndiye mtu pekee ambaye tulikaa naye juu ya mkeka mpaka tukaona kwamba mwanamke mwenye nakshi kama hiyo akiongeza mshono mmoja kwenye nakshi yake, iwe ya kumi na mbili badala ya kumi na moja, inaingia katika elfu mbili mia tano na ishirini bila kubakiza kitu, mara mia mbili na kumi, na ukuta hauongezwi hata unene wa kidole.

"Mama Concilie," akasema, "ile ya kumi na mbili hukumwambia."

"Hakuuliza."